NOTA, SAUTI, MIZANI, UFUNGUO: Msamiati wa mtu mzima anayejifunza nadharia ya muziki

Makala haya yanafafanua maneno manne ambayo humkwaza mtu mzima anayejifunza nadharia ya muziki bila mwalimu. Mifano imetolewa Mnazi Mmoja na Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako kwaya za makanisa, bendi za dansi na vikundi vya taarabu vimeishi jirani kwa miongo mingi.

Katika mazingira hayo, mtu aliyepiga gitaa au kuimba kwaya kwa miaka ishirini huweza kusema kwamba “hajui muziki”. Anachokusudia ni kwamba hajui kusoma nota. Kauli hiyo ina kosa la maana, na kosa hilo lina gharama: humfanya aanze kujifunza kama mtu mikono mitupu, na wengi hukata tamaa mapema. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya anachokitafuta imo tayari masikioni na vidoleni mwake. Anachokosa ni majina.

Asili ya msamiati

Majina hayo yalikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni kanisa. Wamisionari walileta solfa, mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, nao ndio unaotumiwa na kwaya nyingi hadi leo. Ya pili ni dansi. Wapigaji wa bendi kama Dar es Salaam Jazz, NUTA Jazz (1964) na Mlimani Park (1978) walizungumza juu ya solo, ridhimu, besi, kii na kodi. Ya tatu ni ushairi na taarabu, palipotoka mizani, mahadhi na bahari.

Maneno ya dansi yaliingia kwa kusikiwa kabla ya kuandikwa, kama lilivyoingia jina la Kariakoo lenyewe, ambalo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna anayesema kwamba mkazi wa Kariakoo hajui anakoishi kwa sababu jina lilianzia sikioni.

nota nm [i-/zi-] 1 alama inayoonyesha sauti iimbwe juu au chini kiasi gani, na kwa muda gani. 2 karatasi yenye wimbo ulioandikwa kwa alama hizo: *Gawa nota kabla ya mazoezi.*

*Matumizi:* Nota si zile za mistari mitano pekee. Herufi za solfa (d, r, m, f, s, l, t) ni nota kamili. Katika solfa, nukta mbili hutenganisha pigo na pigo, mstari wima hutenganisha fungu na fungu, na kistari huamuru sauti iliyotangulia iendelee. Hivyo d :r |m :- ni do pigo moja, re pigo moja, mi mapigo mawili. Anayeweza kuyasoma hayo anasoma muziki.

sauti nm [i-/zi-] 1 mlio wowote unaosikika. 2 mlio wa mtu asemapo au aimbapo. 3 fungu la waimbaji katika kwaya: *Yeye huimba sauti ya tatu.* 4 hatua moja ya ngazi ya muziki: *Kutoka do hadi mi ni sauti tatu.*

*Tahadhari:* “Pandisha sauti” ina maana mbili. Katika mazungumzo ya kawaida ni kusema kwa nguvu zaidi. Kwa mwalimu wa kwaya ni kwenda juu katika ngazi. Ili kuepuka utata, sema *ongeza sauti* kwa nguvu na *panda* kwa ngazi. Mtu anaweza kupanda huku akipunguza sauti.

mizani nm [i-/zi-] 1 (ushairi) idadi ya silabi katika mshororo. 2 (muziki) mpangilio wa mapigo mazito na mepesi.

*Matumizi:* Aliyezoea kuhesabu mizani nane kwa nane katika shairi asidhani kwamba silabi moja ni pigo moja. Katika wimbo, silabi moja huweza kushika mapigo mawili, na pigo moja huweza kubeba silabi mbili. Hata hivyo mshairi ana faida: anajua mkazo. Pigo zito likiangukia silabi isiyostahili, neno hupotoka. *Barabára* ni njia. *Barábara* ni sawasawa. Tenzi zilizotafsiriwa ili zifuate lahani za kigeni mara nyingi huangukia kosa hili, na anayejitungia hana sababu ya kulirudia.

ufunguo nm [u-/zi-] (muziki) sauti inayochukuliwa kuwa makao ya wimbo.

*Matumizi:* Mwanakwaya husoma juu ya karatasi “Do ni G”. Mpiga gitaa husema “kii ya G”. Ni jambo moja.

*Tahadhari:* Do ya solfa huhama kulingana na ufunguo. Katika utaratibu wa Kifaransa, do ni C siku zote. Wanamuziki wa Kongo, kama wale wa Orchestra Maquis waliohamia Dar es Salaam, walitoka katika nchi yenye utaratibu huo wa pili. Kwa hiyo mtu akikuambia “do”, uliza kwanza: do inayohama au iliyotulia?

Zoezi la kuunganisha majina

Chukua gitaa na utumie uzi mmoja tu. Uzi ukiwa wazi, uite do. Kisha bonyeza nafasi ya 2 (re), 4 (mi), 5 (fa), 7 (so), 9 (la), 11 (ti) na 12 (do ya juu). Utaona kwamba kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hatua ni ya nafasi moja. Kwingine kote ni mbili. Hatua hizo fupi huitwa *nusu toni*. Sasa tafuta kwenye uzi huohuo wimbo unaoujua, na uandike herufi zake. Ukikosea, sikio litakusahihisha kabla ya kitabu.

Kazi hii ina thamani kupita fahari ya kusoma. Mapigo ya gitaa la pili au sauti ya nne ambayo hayakurekodiwa wala kuandikwa hubaki kwa aliyeyashika, na huondoka naye. Mtu mzima anayejifunza nota leo anaweza kuyaandika akiwa bado na wa kumuuliza.

*Tazama pia:* bahari, kodi, lahani, mahadhi, mkazo, pigo.