Kupanda Volkano na Ruhusa ya Kurudi

Habari za wazee wanaopanda milima ya volkano husimuliwa kama habari za magoti na mapafu: alikuwa na miaka mingapi, alifika kimo gani, alipumzika mara ngapi njiani. Naona tunaanzia mahali pasipofaa. Ukifuatilia historia ya safari hizo utakuta kwamba kabla ya nguvu za mwili, mzee hufikishwa kileleni na ruhusa ya kupita na uhakika wa kurudi kwake. Jambo hilo linaonekana wazi zaidi Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi iliyoko wilaya ya Dowa, karibu kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Volkano hakuna pale, lakini zaidi ya nusu ya wakazi wake ni Wakongo, na Kivu, walikotoka wengi wao, ni nchi ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira.

Nyiragongo una kimo cha mita 3,470 hivi. Mjerumani von Götzen aliufikia mwaka 1894, na mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff akashuka ndani ya kreta na kuutangazia ulimwengu habari za ziwa lake la lava. Kati ya miaka hiyo miwili lilitokea jambo ambalo vitabu vya wapanda milima hulipita haraka: Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Taifa ya Albert mwaka 1925, kisha wakaipanua, na msitu ambamo wenyeji walikuwa wakikata kuni na kuwinda ukawekewa mipaka na walinzi. Tangu hapo mlima ukawa na watu wa aina mbili, mwenye kibali na asiye nacho. Katika miaka ya karibuni, mgeni aliyelipa alianzia Kibati akiwa na mwongozaji na walinzi wenye bunduki, akakanyaga mawe ya lava ya mwaka 2002, mepesi, yenye matundu na makali ya kukata soli, akapenya msituni, na baada ya saa tano au sita akafika kwenye vibanda vya ukingoni, kwenye baridi kali. Mzigo wake ulibebwa na kijana wa vijiji vya chini, ambaye bila mzigo wa mgeni asingeruhusiwa kupita njia hiyohiyo.

Mtu atasema umri ni umri, na karatasi haimbebi mwenye miaka 80. Ni kweli, mwili una mipaka yake. Lakini tazama ushahidi wa Kilimanjaro, ambao nao ni volkano. Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kileleni, mita 5,895, akiwa na miaka 89. Ushujaa wake siupunguzi hata kidogo. Ila mzee wa umri ule hufika juu kwa sababu kuna wapagazi, ambao kanuni za hifadhi zinataka kila mmoja asibebe zaidi ya kilo 20, kuna wapishi na waongozaji, na kuna ndege inayomngoja. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa miongoni mwa walioongozana na Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, aliongoza wageni kwa miongo mingi hadi uzeeni, na jina lake likaja kuvuma kwenye kumbukumbu ya miaka 100 ya safari ile. Miguu ya wazee wa Kiafrika imekuwa mlimani siku zote. Iliyokosekana ni nafasi ya kuitwa wasafiri.

Ushahidi ulio mzito kwangu ni wa tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwa Kivu, na watu laki kadhaa wakakimbia kwa miguu, wengi wao kuelekea Gisenyi, Rwanda. Walikuwemo wazee, bila mpagazi wala kibali. Siku chache baadaye wengi walianza kurudi, wakipita juu ya lava ambayo bado ilikuwa na joto, badala ya kukaa kwenye kambi za Rwanda. Waliweza kwa sababu mpaka ulikuwa jirani na njia ilikuwa wazi. Vita havimwachii mtu njia ya namna hiyo.

Waliokimbia vita ndio waliofika Dzaleka, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikafanywa kambi, ikikusudiwa watu elfu 10 hivi. Leo wamepita elfu 50. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, haikukubali kufungwa na kipengele cha uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warudi kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata; kuna waliozuiliwa katika gereza la Maula.

Malawi ina la kujibu, na lisikilizwe. Ni nchi maskini, na kabla ya Dzaleka iliwahifadhi zaidi ya Wamsumbiji milioni moja waliokimbia vita. Mwingine atasema ni kuwakosea heshima wakimbizi kuwataja pamoja na watalii. Mimi naona heshima inavunjwa na ile desturi ya kumhesabu mzee wa Ulaya kuwa msafiri kwa sababu amepanda na kushuka, na kumhesabu aliyetembea kutoka Kivu mpaka Malawi kuwa mzigo wa posho, wakati mwendo wa huyu ulikuwa mrefu kuliko wa yule.

Tangu mlipuko wa Mei 2021, na zaidi tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025, Nyiragongo si mahali pa matembezi kwa yeyote. Mtalii mwenye miaka 70 aliyekuwa amejiwekea akiba ya safari ya huko atageukia volkano nyingine, Kilimanjaro au Ol Doinyo Lengai, ajaze fomu, alipe, aende. Mkimbizi wa umri huohuo aliyeko Dzaleka huomba kwanza ruhusa ya kutoka kambini ili afike Lilongwe.