Kuku wa nazi: njia alizopitia hadi Unguja

Mpishi wa Ufilipino anayepika ginataang manok, yaani kuku wa nazi wa kwao, huanza na kitunguu maji, thomu na tangawizi, akakaanga vipande vya kuku, kisha akamimina tui na kuliacha lichemke taratibu. Mtu aliyekulia Ng'ambo au Makunduchi hapa Unguja, akisimama jikoni humo, atajua kinachofuata bila kuambiwa. Huenda akashangaa kuona papai bichi na majani ya mlonge yakitiwa sufuriani, au mchuzi wa samaki waliochachushwa ukishika nafasi ya chumvi. Mengine yote atayaona ya kwao. Vyungu hivi viwili ni ndugu, na undugu wao ni wa zamani kuliko Mji Mkongwe wenyewe.

Kuku asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Kwetu mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyofanya biashara na nchi za Ghuba na Bara Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Profesa Felix Chami, aliyechimba Pango la Kuumbi huko Jambiani mwaka 2005, alitoa hoja kwamba kuku walifika kisiwani hata kabla ya Kristo. Watafiti waliolichimba tena pango hilo mwaka 2012 hawakukubaliana naye. Wanabishana juu ya wakati tu. Kwamba kuku aliletwa kwa chombo cha baharini, hilo halina ubishi.

Habari ya nazi inasisimua zaidi. Mwaka 2011 wataalamu wa vinasaba walitangaza kwamba minazi ya dunia ina koo mbili kubwa, mmoja wa Bahari ya Hindi na mmoja wa Pasifiki, na kwamba Madagaska na Komoro koo hizo zimechanganyika. Walioileta mbegu ya Pasifiki upande huu, kwa maelezo yao, ni mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, watu ambao lugha yao ni jamaa ya lugha za Ufilipino na ndiyo iliyozaa Kimalagasi. Al-Masudi, aliyesafiri pwani hii mara ya mwisho mwaka 916, aliandika kwamba nazi ililiwa na Wazanji wote, wenyeji wa pwani hii. Ibn Battuta naye, alipokaribishwa Mogadishu mwaka 1331, alipakuliwa wali wa samli na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Yeyote aliyewahi kula karamu ya pwani ataitambua sahani hiyo.

Pilipili kali na tungule hazikuwamo. Hizo ni mimea ya Amerika. Wareno walioanza kupita hapa mwaka 1498 ndio waliofungua njia iliyozileta kwetu kutoka magharibi. Ufilipino zilipata njia ya mashariki, kwa merikebu za Wahispania zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Acapulco na Manila kuanzia 1565 hadi 1815. Mimea ileile iliizunguka dunia kwa pande mbili ikaishia kwenye mchuzi wa aina moja.

Na karafuu je? Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikamtajirisha Seyyid Said na wenye mashamba, ikapandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki. Vitabu vya historia yetu vimejaa karafuu. Lakini kwenye mchuzi wa kuku wa nazi haina kazi kubwa. Mahali pake ni kwenye pilau. Karafuu ilikuwa mali ya kusafirishwa. Kilichobaki nyumbani kilikuwa mikononi mwa wapishi, na katika majumba makubwa ya Mji Mkongwe wengi wao walikuwa watumwa. Majina ya wengi wao hayakuandikwa, na ujuzi wao ndio tunaokula hadi leo. Mimi naiona hiyo kuwa historia ya Zanzibar sawasawa na ya masultani. Hata vyungu vina watu wake: mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliuza vyungu mjini kabla sauti yake haijafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928.

Ujuzi huo hufundishwa kwa kuketi. Mwanafunzi anapewa mbuzi ya kukunia na nusu ya nazi, akune kwa kuizungusha, asifike kwenye ganda la ndani tui likaingia weusi. Nazi iliyokunwa inakandwa kwa maji kidogo na kukamuliwa kwenye kifumbu: hilo ni tui zito, linawekwa kando. Machicha yanakandwa tena, mara ya pili na ya tatu, kupata tui jepesi. Kuku aliyekwisha kuchemshwa kwa thomu, tangawizi, ndimu na chumvi anaivia kwenye tui jepesi pamoja na bizari ya manjano. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa kwenye seredani, na kuanzia hapo mwiko hautoki mkononi mpaka litokote, maana likiachwa hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Kwa kuku wa kupaka, nyama huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui lililopikwa likawa zito.

Siku hizi Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, kuku wa kienyeji anauzwa sambamba na wa kugandishwa kutoka ng'ambo, ambaye huiva upesi na hana supu ya maana. Tui nalo linapatikana kwenye pakti, limetiwa kitu cha kulizuia lisikatike. Linarahisisha kazi kwa mama anayetoka ofisini saa kumi na moja, na sina neno naye. Ila binti anayejifunza kwa pakti peke yake hapewi sababu ya kusimama na mwiko, na hiyo ndiyo sehemu ya upishi huu ambayo bibi yake alifundishwa kwanza.