Waliokataa Kutengwa: Imani Iliyotubeba Katika Misiba ya Burundi



Jarida hili linasomwa Gitega na Muyinga, linasomwa Ngara na Kigoma, na wengine mtalifungua mkiwa Uvira. Katika sherehe kama hii tunapenda kuhesabu baraka: makanisa yaliyofunguliwa, kwaya, watu waliobatizwa. Ni vema na haki. Lakini mimi nimeombwa niandike historia, na historia ya ushirika huu haiandikiki bila kutaja misiba. Wengi wetu tulijuana kwa sababu vita ilitusukuma upande wa pili wa mpaka.

Burundi ina zaidi ya kilima kimoja kinachoitwa Nyamugari. Kuna cha Gitega, katikati ya nchi, na kuna cha Muyinga, kaskazini-mashariki, upande wa kuelekea Tanzania. Neema ya Mungu imenifikisha kote kuwili kuhubiri. Vita ilipokuja, watu wa upande wa Gitega wengi walibaki ndani ya nchi. Walilala porini, au walihamia kambi za wakimbizi wa ndani. Watu wa Muyinga walikuwa karibu na mpaka, basi wengi wakavuka kwenda Ngara. Maumivu yao hayafanani. Aliyebaki ana yake, aliyekimbia ana yake. Swali tu ndilo moja: mtu aliyepatwa na mambo haya anapata wapi nguvu ya kumwomba Mungu tena, na ya kumsalimia jirani?

Jibu langu nalitoa mapema ili usilitafute hadi mwisho. Nikiangalia miaka hii yote, naona nguvu ya imani ilionekana pale watu wa Mungu walipokataa kutengwa. Walipokubali kutengwa, hata majengo ya kanisa hayakuwasaidia.

Msiba uliokatazwa kulia

Injili ya Kipentekoste ililetwa Burundi na wamisionari wa Uswidi mwaka 1935, wakaanzia Kiremba, kusini. Miaka isiyofika arobaini baadaye, kusini huko huko, kukaanza kile ambacho Warundi tunakiita Ikiza.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walishambulia miji ya kusini na kuua Watutsi wengi. Usiku huo huo mfalme wa zamani, Ntare wa Tano, aliuawa hapa Gitega alikokuwa amefungwa. Kisha serikali ya wakati ule, na jeshi lake, ikawageukia Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa serikali, wachungaji, makatekista. Watu waliitwa kwa orodha, wakapandishwa kwenye malori, hawakurudi. Watafiti wengi wanataja waliokufa kati ya 100,000 na 300,000.

Kilichozidi uchungu ni kwamba familia nyingi hazikuthubutu hata kuweka matanga. Mjane alilia ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Watoto walikua bila kuambiwa baba alikwenda wapi. Msiba usioliliwa hauishi, unakaa ndani kama moto chini ya majivu.

Februari 2020, miaka 48 baadaye, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kwenye makaburi ya pamoja karibu na mto Ruvubu, mkoani Karusi. Baadhi walitambulika kwa nguo, miwani na rozari. Fikiri juu ya hizo rozari, ndugu msomaji. Walioingia makaburini humo walikuwa watu wa sala. Na usijidanganye: wengi wa waliowapeleka walikuwa wamebatizwa pia.

Waliovuka na wimbo

Watu wapatao 150,000 walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Tanzania iliwapa ardhi katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Ilikuwa misitu, si mashamba. Walikata miti, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, na chini ya miti hiyo hiyo wakaanza kusali.

Zaburi ya 137 inatueleza kuhusu mateka waliotundika vinubi vyao kwenye miti ya Babeli, kwa sababu hawakuona jinsi ya kumwimbia Bwana katika nchi ngeni. Ndugu zetu wa Ulyankulu waliona jinsi. Kwaya ya Barabara ya 13 ilitoka katika makazi hayo, na nyimbo zake zilisikika Tanzania nzima na hata nje. Waliimba Kiswahili. Nadhani jambo hili tunalipita haraka mno. Mkimbizi angeweza kujifungia katika Kirundi chake, alie na watu wake tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Wao wakachukua lugha ya waliowapokea, wakamweka Mungu ndani yake, na Mtanzania wa Tabora akaimba pamoja na mkimbizi wa Bururi. Kumbe hata Kiswahili tunachotumia katika mikutano yetu ya leo, sehemu yake ni matunda ya kambi.

Waliobaki nyumbani nao walipitia tanuru lao. Wakati wa utawala wa Rais Bagaza, kuanzia mwaka 1976 hadi 1987, wamisionari wengi walifukuzwa nchini, na ibada za siku za kazi zikawekewa mipaka mikali. Waumini wakasali kwa sauti ndogo majumbani. Mzigo wa kulea kanisa ukabaki mabegani mwa Warundi wenyewe, wengi wao wakulima wasio na mshahara. Hapo walijifunza kwamba kanisa ni watu kwanza, jengo baadaye. Funzo hilo tulilihitaji sana mwaka 1993.

Oktoba 1993

Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais Juni 1993, akaapishwa tarehe 10 Julai, akauawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba. Siku mia na kitu tu. Habari zilipofika vilimani, Watutsi wengi, na Wahutu waliokuwa wa chama kingine, waliuawa na majirani zao. Jeshi nalo likaja kulipiza, likaua Wahutu wengi. Kila upande una makaburi yake. Asikudanganye mtu kwamba upande mmoja peke yake ndio uliolia.

Hapa mkoani Gitega kuna Kibimba, kando ya barabara ya kwenda Bujumbura. Ni misheni ya Kanisa la Marafiki tangu mwaka 1934, watu wanaojulikana duniani kote kwa kukataa vita. Siku ile ya 21 Oktoba, watu zaidi ya 70, wengi wao wanafunzi Watutsi wa shule ya pale, walifungiwa ndani ya jengo la kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Leo pana mnara wa kumbukumbu wenye maneno ya Kifaransa yanayomaanisha kwamba jambo hili lisitokee tena.

Naandika haya katika jarida la sherehe kwa makusudi. Nchi yetu ilikuwa ya Kikristo kwa hesabu. Makanisa yalijaa Jumapili ya tarehe 17 Oktoba, na Alhamisi iliyofuata panga zikatoka. Basi tukisema imani ilitutia nguvu, tuseme imani ipi. Ile ya kwenye kadi ya ubatizo haikumzuia mtu. Kabila liliita, naye akaitika.

Lakini Kibimba hiyo hiyo inatufundisha jambo lingine. Mwaka 1994, majivu bado hayajapoa, Wahutu na Watutsi wachache wa pale waliunda kamati ya amani. Walianza na mambo madogo: kukaa meza moja, kuzungumzia namna ya kufungua tena shule na hospitali, kumwezesha mgonjwa kupita bila kuogopa. Jambo dogo wakati wa vita ni kubwa. Kutembea kutoka kambi ya upande mmoja hadi nyumba za upande mwingine kulihitaji ujasiri ambao mtu haupati tumboni mwake mwenyewe.

Vijana 40 wa Buta

Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia alfajiri katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajigawe: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Walibaki pamoja, wakapigwa risasi na mabomu ya mkono pamoja. Walikufa 40.

Hawakuwa Wapentekoste. Walikuwa Wakatoliki, vijana wa shule, wenye umri wa kutahiniwa na si wa kufa. Sisi tunaopenda kupima wokovu wa mtu kwa dhehebu lake, tukae kimya kidogo mbele ya makaburi yao. Kila Mhutu kati yao angeweza kupona kwa kupiga hatua chache tu kwenda upande aliooneshwa. Hatua hizo hawakuzipiga. Bwana wetu katika Yohana 15 alifundisha kwamba hakuna upendo unaopita ule wa kuutoa uhai kwa ajili ya rafiki. Vijana hawa walikuwa wameusoma mtihani huo kabla haujaletwa.

Mwaka uliotangulia, tarehe 9 Septemba 1996, Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliuawa akiwa safarini ndani ya mkoa wetu. Wiki chache nyuma, Julai, watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya Bugendana walikuwa wameuawa. Ruhuna alikuwa amewakemea wauaji wa pande zote waziwazi. Wachungaji wengi wa wakati ule, wa madhehebu yote, walijua kwamba kusema hivyo kunaweza kumgharimu mtu maisha.

Amani, na shamba la baba

Mazungumzo ya Arusha yaliongozwa na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ingawa bunduki ziliendelea kulia kwa miaka kadhaa. Kisha malori ya kurudi yakaanza. Kambi ya Lukole, Ngara, ilimokaa watu wengi wa Muyinga, ilifungwa mwaka 2008. Wa 1972 nao wakarudi, wengine wakiwa na wajukuu waliozaliwa Tanzania. Wengine walibaki huko na kupewa uraia. Mwaka 2015 tukavuka tena, maelfu kwa maelfu, kwenda Nyarugusu na Nduta. Kwa hiyo usifikiri naandika juu ya mambo ya mababu.

Na hapa ndipo imani yetu inapimwa sasa. Kusamehe kwa mdomo ibadani ni rahisi. Kusamehe kwenye mpaka wa shamba ni kazi. Mzee anarudi baada ya miaka 35, anakuta mwingine amejenga, amezaa, amezika wazazi wake katika ardhi ile. Huyu ana haki, na yule hana kwa kwenda. Serikali iliunda tume ya ardhi mwaka 2006, nayo ilisikiliza kesi nyingi mno. Lakini tume haiwezi kuwafanya watu wawili wachote maji kisima kimoja bila chuki. Nimeona familia zikigawana shamba nusu kwa nusu, kisha zikaomba pamoja mpakani. Nimeona pia watumishi wanaoimba kwaya moja na hawasalimiani kwa ajili ya mita kumi za migomba. Wote wamejazwa Roho, wanasema. Tofauti unaiona shambani.

Kitabu cha Ezra, sura ya 3, kinaeleza siku msingi wa hekalu ulipowekwa upya. Wazee waliokumbuka nyumba ya kwanza walilia, vijana wakapiga kelele za furaha, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha sauti hizo. Hivyo ndivyo sherehe yetu inavyopaswa kuwa. Mjane wa 1972, yatima wa 1993, kijana aliyezaliwa Nduta: kila mmoja aje na sauti yake, asiambiwe anyamaze ili wengine wafurahi.

Basi, ndugu msomaji, nakuachia mambo matatu. Katika ibada yenu ya kumbukumbu, waombeeni wafu wenu kwa Mungu faraja kwa walioachwa, na mtaje pia waliokufa wa upande usio wenu. Waelezeni watoto yaliyotokea, bila kuwapa chuki kama urithi. Na kama una neno la ardhi na ndugu wa kanisani, usisubiri mkutano mkubwa wala nabii kutoka mbali. Mwendee wiki hii, ukae naye, mwombe pamoja kabla ya kuzungumza mipaka.

Siku nyingine itakuja mtu atuambie tujigawe, huku na kule. Anaweza kuja na bunduki, au na maneno matamu ya siasa, au na simu yenye ujumbe wa kutisha. Kanisa la Nyamugari, la Gitega na la Muyinga, lijue jibu lake kabla hajafika.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote, pande zote za mpaka. Amina.