1969: Waingereza walienda Moscow kupima moto

Wasomi wenzangu, leo nawaletea hadithi moja ya vita baridi. Hakuna bunduki ndani yake, kuna kipimo tu. Mimi ni mtu wa agronomia, lakini hii inamgusa kila mtu aliyewahi kutetea TFC mbele ya jury.

Tuanze na tatizo lenyewe. Kupata nguvu kama ile ya jua, lazima upashe hidrojeni moto wa mamilioni ya digrii mpaka igeuke plazma. Hakuna chungu cha kuishika. Njo maana wanaizungushia sumaku, ndani ya chombo chenye umbo la mpira wa ndani wa tairi ya kinga. Plazma inasukuma kwenda nje, sumaku inairudisha ndani; nguvu zikilingana, kuna mizani. Lakini mizani peke yake haitoshi. Fimbo unaweza kuisimamisha juu ya kidole, ikitikisika kidogo tu imeanguka. Plazma nayo iko vile: ikipinda kidogo, inaendelea kupinda mpaka inagusa ukuta na kupoa.

Waingereza waliyaonja hayo. Januari 1958 walitangaza kwamba mashine yao ZETA, kule Harwell, imetoa nyutroni, na magazeti yakashangilia. Miezi michache tu, wakarudisha maneno yao. Zile nyutroni zilitoka kwenye misukosuko ya plazma, si kwenye joto lake.

Wakati huo Warusi walikuwa wanafuata njia ya Tamm na Sakharov: tokamaki. Huko sumaku kubwa inazunguka na pete, na umeme unaopita ndani ya plazma unaipinda ile mistari ya sumaku kama kamba inayosokotwa. Ukipinda kidogo mno, plazma inakimbilia ukuta wa nje. Ukipinda kupita kiasi, inajinyonga kama nyoka. Shafranov wa Urusi na Kruskal wa Marekani, kila mmoja kivyake, walipata mpaka wenyewe: mstari wa sumaku uzunguke pete nzima zaidi ya mara moja kabla haujamaliza kuzunguka unene wake mara moja.

Agosti 1968, kule Novosibirsk, Lev Artsimovich akasema tokamaki yao T-3 imefika karibu digrii milioni 10. Wageni wengi wakasita. Warusi walikuwa hawajapima joto la elektroni moja kwa moja. Walilikadiria kwa njia zingine.

Hapo njo Artsimovich alifanya jambo ninaloliheshimu sana: aliwaalika wapinzani wake waje kupima wenyewe. Ekipe ya Culham, chini ya Nicol Peacock, ikasafiri Moscow na tani za vyombo. Walirusha mwanga wa leza ndani ya plazma. Elektroni zikiwa na mbio zaidi, rangi ya mwanga unaotawanyika inapanuka zaidi. Mwaka 1969 wakatoa jibu: Warusi wamesema kweli. Kufika 1970, Wamarekani wa Princeton walikuwa wamegeuza mashine yao kubwa kuwa tokamaki.

Sasa sisi. Tunaandika mavuno ya shamba la majaribio, jury inapiga makofi, kitabu kinaingia kabatini. Ni nani kati yetu amemwita mwenye kumpinga, akamwambia: kuja na mizani yako, upime mihogo yangu?