Bangi ya Nyuzi

BANGI YA NYUZI ni aina ya mmea uitwao kitaalamu Cannabis sativa, ioteshwayo kwa ajili ya nyuzi, mbegu na kiini cha shina, ambayo kilevi chake ni kidogo mno, hata sheria ya Marekani ya mwaka 2018 ikakiwekea kikomo cha asilimia 0.3. Nyuzi husokotwa kamba na kufumwa nguo, mbegu hukamuliwa mafuta, na kiini kilichopondwa huchanganywa na chokaa kwa ujenzi.

Nchini Tanzania, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 yaharimisha kilimo cha bangi, ilhali Malawi jirani ilikiruhusu kwa leseni mwaka 2020. Lau sheria ingebadilika, sehemu kama Igawa, iliyo katika bonde la Usangu, kando ya mto Mbarali na ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na isiyo mbali na reli ya TAZARA, ingekuwa na njia nyepesi ya kufikisha mazao sokoni. Lakini maji ya bonde hilo yategemewa na mpunga, na mto Ruaha Mkuu, unaoyapokea, hukauka kiangazi tangu mwaka 1993.

Ibra kubwa ni ya mkonge, zao jingine la nyuzi, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ukafikia tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, kisha ukaporomoka baada ya nyuzi za plastiki kuenea. Kwa hiyo, sheria ikibadilika, ili bangi ya nyuzi isitegemee soko la nyuzi ghafi pekee, wajibu wa kwanza ni kujenga viwanda karibu na mashamba, zao lisisafirishwe ghafi, na thamani yake imnufaishe mkulima mwenyewe.