Hama, hamia, hamishwa: maneno ya watu waliotoka kwao

Kitenzi hama ni kifupi, lakini kimezaa ukoo mkubwa wa maneno: mhamaji, mhamiaji, mhamahamaji, mhamishwa, uhamaji, uhamiaji, uhamisho. Kando ya ukoo huo wamo majirani wake wa maana: mkimbizi, mlowezi, mgeni, mvamizi. Katika habari, hati za serikali na hata tasnifu za vyuo vikuu, maneno haya hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Si visawe. Kila moja linajibu kwa namna yake maswali matatu: nani aliamua safari, msafiri alikuwa akielekea wapi, na je, alivuka mpaka wa nchi?

Makala haya yanayaeleza maneno hayo kwa mifano ya wilaya moja, Kilosa mkoani Morogoro, pamoja na mji wake wa Mikumi. Reli ya Kati inapita Kilosa mjini na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inapita Mikumi. Kwa zaidi ya karne moja wilaya hii imepokea, imepitisha na imehamisha watu wa kila aina, hivyo karibu kila neno la orodha yetu lina kisa chake hapo.

Mzizi na mnyambuliko

Hama ni kuacha mahali ulipokuwa ukiishi na kwenda kuishi kwingine. Uzito wa maana yake uko kwenye kuacha.

Hamia ni kauli ya kutendea, nayo huleta mahali pa kufikia: amehamia Mikumi. Uzito umesogea kutoka kunakoachwa hadi kunakofikiwa.

Hamisha ni kauli ya kutendesha, na hamishwa ni kutendwa kwake. Hapa anaingia mtu wa pili, yule aliyeamua. Anayehamishwa hakuamua mwenyewe, au hakuamua peke yake.

Hamahama ni uradidi unaoonyesha kurudiarudia. Mhamahamaji huondoka na kurudi kwa majira, akifuata maji na malisho. Safari yake ina ratiba, hivyo si sawa kumwita mtu asiye na kwao.

Nomino za watu hufuata tofauti hizo. Mhamaji anatokana na hama, na mhamiaji na hamia. Mhamishwa amejengwa kama mfungwa, mfiwa na mpendwa: ni mtu aliyetendwa. Kwa upande wa dhana, uhamaji ni hali nzima ya watu kutoka mahali hadi mahali, iwe ndani ya nchi au nje. Ndilo neno linalofaa katika mada za utafiti. Uhamiaji umeelemea zaidi kuingia katika nchi na utaratibu wake wa kisheria, ndiyo maana tuna Idara ya Uhamiaji. Uhamisho umezoeleka kwa mtumishi anayepangiwa kituo kipya cha kazi.

Mkimbizi anatokana na kimbia. Wapo wanaodhani kwamba sauti z imetoka katika kimbiza, lakini mfano wa maneno mengine waonyesha vingine: jua hutoa mjuzi, lea hutoa mlezi, amua hutoa mwamuzi. Vitenzi hivi vyote vinaficha l ya zamani inayojitokeza tena katika julia, lelea, amulia na kimbilia. Ikikutana na kiambishi tamati -i cha mtenda, l hiyo hugeuka z. Kwa hiyo mkimbizi ni mtu anayekimbia, na kimbilio ni pale anapokimbilia. Tofauti na mkimbiaji, anayekimbia kwa mazoezi au mashindano, mkimbizi ana kitu nyuma yake.

Kuhamia au kuhamishwa?

Katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walipelekwa kuishi katika vijiji vilivyopangwa, na Kilosa haikuachwa nje. Lugha ya wakati ule ilizungumzia kuhamia vijijini. Kisarufi, kauli hiyo inamfanya mwanakijiji kuwa mtenda: yeye ndiye aliyehamia. Walikuwapo waliohamia kwa hiari. Wengi, hata hivyo, walihamishwa katika Operesheni Vijiji, na kwao kiambishi -ish- na kile cha -w- si pambo. Mwanahistoria anayeandika “wananchi walihamia” pale ushahidi wake unapoonyesha amri na malori ameshatoa hukumu bila kujua.

Kosa la aina hiyo hutokea pia katika habari za mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukaharibu reli na kuwaacha zaidi ya watu 20,000 bila makazi. Wengi waliishi kwenye mahema kwa muda mrefu. Tuwaiteje? Si wakimbizi kwa maana ya sheria, kwa kuwa hawakuvuka mpaka wa nchi. Haki zao zinatoka serikalini kwao, wala hazitegemei mikataba ya wakimbizi. Si wahanga pia, ikiwa tunashika maana ya awali ya mhanga, yaani anayejitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo. Istilahi mkimbizi wa ndani imeenea, hasa nchini Kenya tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nayo inaeleweka. Ila katika maandishi yanayohitaji usahihi, sema waliopoteza makazi, waathirika wa mafuriko, au wahamishwa wa ndani pale panapokuwa na uamuzi wa kuwahamisha.

Manamba na mlowezi

Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalijengwa kwa nguvu za watu waliotoka mbali: nyanda za juu kusini, Kigoma, Burundi, Msumbiji. Waliitwa manamba, neno lililotokana na namba aliyopewa kila kibarua alipoandikishwa. Jina la mtu na la kwao lilifunikwa na tarakimu. Leo manamba ni neno la historia. Likitumiwa kwa kibarua wa sasa, hubeba dharau.

Mlowezi, kutoka lowea, ni mtu aliyekuja kutoka nje na kukaa moja kwa moja. Katika vitabu vya historia hutajwa zaidi Mzungu aliyechukua ardhi ya Kenya au ya Rhodesia. Katika matumizi ya kiserikali Tanzania, neno hilohilo hutajwa kwa wageni waliokaa nchini miaka mingi bila hati, wakiwamo wazee waliokuja kama manamba pamoja na wajukuu zao. Maana hizi mbili hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni ya aliyekuja na mamlaka, na ya pili ni ya asiye hata na karatasi. Mwandishi asipoongeza maelezo, msomaji atamvika mzee wa kambi ya mkonge joho la mkoloni.

Mgeni, mwenyeji, mvamizi

Methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Inaweza pia kusomwa kama kanuni ya uraia wa kijijini: anayeshika jembe ameanza kuwa mwenyeji. Lakini kanuni hiyo ni ya wakulima. Je, mgeni aliyefika na ng’ombe hupewa nini siku ya tatu?

Swali hili si la darasani tu. Wamasai wa jamii ya Parakuyo wameishi Kilosa tangu enzi ya ukoloni, na viko vijiji vya wafugaji, kama Twatwatwa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya siasa na habari, mfugaji huitwa kwa urahisi mvamizi, awe amefika mwaka jana au amezaliwa hapo. Tarehe 8 Desemba 2000, mgogoro wa muda mrefu kati ya wakulima na wafugaji uliishia katika shambulio la wafugaji dhidi ya kijiji cha Rudewa Mbuyuni, na watu 38 wakauawa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 na Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah ulikataa kueleza mauaji hayo kwa uhaba wa ardhi peke yake. Ulitazama pia sera zilizowaweka wafugaji pembeni na rushwa iliyovunja imani ya pande zote kwa vyombo vya serikali.

Tukiandika “wavamizi waliwaua wenyeji”, neno mvamizi linatenda kazi mbili kwa pamoja: linaeleza kitendo cha siku moja na linafuta makazi ya miaka mingi. Kitendo kiitwe kwa jina lake: shambulio, mauaji. Hadhi ya makazi nayo ni jambo la daftari la kijiji na hati ya ardhi, na ithibitishwe huko. Waliouawa hawatendewi haki zaidi kwa kuandikwa kwamba wauaji wao hawana kwao.

Kwa wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 na kuswaga mifugo kuelekea Lindi na Pwani, mahali popote walipopita walikuwa wageni. Kabla ya kuwa wageni, hata hivyo, walikuwa wahamishwa. Taarifa inayoanza na ugeni wao na kusahau kuhamishwa kwao imeanza katikati ya kisa.

Mhamiaji na “haramu”

Vijana wa Ethiopia na Somalia wanaoelekea Afrika Kusini hupita Tanzania, wakati mwingine wamefichwa ndani ya malori. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao, kutoka Ethiopia, walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori katika mkoa wa Dodoma. Magazeti huwaita wahamiaji haramu. Istilahi hii ina kasoro mbili.

Kwanza, mhamiaji ametoka katika hamia, nao hawakuhamia Tanzania. Ni wapita njia, au, kwa lugha ya utafiti, wahamaji walio safarini. Pili, haramu ni sifa ya kitendo au kitu: biashara haramu, mali ya haramu. Ikibandikwa kwa mtu, inamgeuza yeye mwenyewe kuwa kosa. Linganisha na usafirishaji haramu wa binadamu, istilahi ambamo haramu imekaa mahali pake, kwa kuwa inaeleza kitendo cha anayesafirisha. Sema aliyeingia nchini bila kibali. Usahihi huu una uzito wa kisheria: Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja kwenye hatari na kujitokeza mapema kwa mamlaka. Anayeitwa haramu kabla ya kuhojiwa amenyimwa swali hilo.

Hifadhi: neno moja, malango mawili

Neno gumu kuliko yote ni hifadhi. Asili yake ni Kiarabu, na kiini chake ni kutunza kitu kisipotee. Ndiyo maana twasema kuhifadhi Kurani na kuhifadhi nafaka. Katika sheria ya wakimbizi, mwomba hifadhi ni mtu anayeomba nchi imlinde na asirudishwe kwenye hatari. Kwa mkazi wa Mikumi, Hifadhi ni mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964, ambamo wanyama hulindwa na binadamu haruhusiwi kuishi wala kuchunga.

Kwa hiyo sentensi “familia zimeondolewa katika hifadhi” ina maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Katika habari za Mikumi ni utekelezaji wa sheria ya uhifadhi. Katika habari za Kigoma, waliko wakimbizi wa Burundi na Kongo, inaweza kusomeka kwamba watu wamenyimwa ulinzi. Ufanano nao upo, na haupendezi. Mgeni wa mbugani anahitaji kibali cha kuingia, na chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini. Pande zote mbili, kuhifadhi kumekuwa pia kuzungushia mpaka.

Kwa mwandishi, dawa ni kutaja hifadhi kwa jina kamili: hifadhi ya taifa, hifadhi ya wanyamapori, hifadhi ya ukimbizi. Penye nafasi, tumia kimbilio au ulinzi wa kimataifa kwa maana ya watu. Hifadhi ikisimama peke yake katika habari inayogusa wafugaji, wanyama na wakimbizi, haisaidii.

Muhtasari wa matumizi

Mhamiaji: aliyehamia mahali kwa nia ya kukaa. Sahihi: Wahamiaji kutoka Njombe walifungua mashamba Kilosa. Epuka kwa wapita njia.

Mhamaji: anayehama, bila kutaja anakoelekea. Sahihi: Utafiti uliwahoji wahamaji walioko safarini kuelekea kusini.

Mhamishwa: aliyehamishwa kwa uamuzi wa mwingine. Sahihi: Wahamishwa walidai fidia ya mashamba yao. Taja aliyehamisha, ikiwa anajulikana.

Mkimbizi: aliyevuka mpaka wa nchi kwa hofu ya mateso, vita au machafuko. Hadhi hii haifutwi na wingi wa wanaokimbia: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unawatambua pia wanaokimbia vita na machafuko makubwa.

Mwomba hifadhi: aliyewasilisha ombi ambalo halijaamuliwa. Si mkimbizi wa uongo, wala si mhalifu.

Raia: hadhi inayofuta zote za juu. Zaidi ya Warundi 162,000 wa mwaka 1972 na vizazi vyao walipewa uraia wa Tanzania. Kuendelea kuwaandika “wakimbizi wa 1972” bila kusema kwamba ni wa zamani ni kosa la ukweli, si la mtindo.

Mvamizi: aliyeingia kwa nguvu mahali asipo na haki. Litumike baada ya haki hiyo kuchunguzwa.

Tazama pia: kambi, kimbilio, manamba, mlowezi, mwenyeji, uraia.