Vifyonza mafuta: kutoka majani ya miwa hadi nyuzi za plastiki

Mwezi Agosti mwaka 2020 wakazi wa Mahébourg na vijiji jirani vya kusini mashariki mwa Mauritius waliacha shughuli zao, wakakusanya majani makavu ya miwa, wakayashindilia ndani ya vitambaa na kushona mirija mirefu ya kuelea baharini. Meli ya mizigo MV Wakashio ilikuwa imekwama kwenye matumbawe tangu tarehe 25 Julai. Tarehe 6 Agosti ilianza kuvuja, na takriban tani 1,000 za mafuta mazito zikaingia katika maji yenye mikoko na mazalia ya samaki.

Vizuizi hivyo havikutoka kiwandani, lakini vilifanya kazi ile ile inayofanywa na bidhaa za viwanda: kushika mafuta na kuyaacha maji yapite. Ugumu uko hapo. Vitu vingi vinavyonywa mafuta hunywa maji pia, na vikishalowa huzama pamoja na mafuta vilivyoyabeba.

Masomo ya mwanzo

Meli ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, mwezi Machi 1967 ikiwa na shehena ya takriban tani 119,000 za mafuta ghafi, serikali iliamuru sabuni kali za kemikali zimwagwe baharini na ufukweni. Baadaye wanasayansi walibaini kuwa mahali pengi sabuni hizo ziliua viumbe wengi wa pwani kuliko mafuta yenyewe. Miaka miwili baadaye, kisima cha mafuta kilipolipuka chini ya bahari karibu na Santa Barbara, California, watu walitandaza mabua makavu ufukweni na kuyazoa kwa mikono. Njia hiyo ilikuwa ya kizamani, lakini angalau haikuongeza sumu.

Nyuzi nyembamba kuliko unywele

Bidhaa inayotumika zaidi leo ni mkeka mweupe wa plastiki aina ya polipropilini. Asili ya utengenezaji wake haikuhusu mafuta hata kidogo. Katika miaka ya 1950 Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ilikuwa ikitafuta kichujio cha kunasa chembe za mionzi hewani, ikabuni namna ya kutengeneza nyuzi nyembamba mno. Kampuni ya mafuta ya Exxon iliiendeleza njia hiyo baadaye kwa matumizi ya viwanda.

Punje za plastiki huyeyushwa katika joto linalozidi nyuzi 160 za Selsiasi, kisha husukumwa kupitia safu ya matundu madogo sana. Pale plastiki inapochomoza, upepo wa moto wenye kasi kubwa huivuta hadi ikawa nyuzi za mikroni chache tu; unywele wa binadamu huwa na mikroni 70 hivi. Nyuzi hizo huangukia juu ya mkanda unaotembea zikiwa bado laini, zikashikana zenyewe bila gundi. Mitambo ya aina hiyo hiyo hutoa tabaka la kati la barakoa za hospitali, ndiyo maana mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19, kitambaa hicho kiliadimika duniani.

Polipropilini ina sifa mbili zinazofaa: hukataa maji na kupenda mafuta, na ni nyepesi kuliko maji, hivyo mkeka huendelea kuelea hata ukishajaa. Mafuta hukaa katika nafasi zilizo kati ya nyuzi, hayaingii ndani ya nyuzi zenyewe. Kwa kawaida mkeka hubeba mafuta mara 10 hadi 20 ya uzito wake. Mafuta mazito sana, hata hivyo, hupaka tu juu na kushindwa kupenya.

Kwa desturi ya soko, rangi nyeupe ni ya mafuta pekee. Mikeka ya kijivu imetiwa dawa ili inywe maji pia, na ya njano hutumika kwa kemikali kali.

Udongo, unga wa mbao na hatari zake

Katika karakana nyingi bado hutumika punje za udongo wa mfinyanzi uliokaushwa kwa moto. Ni za bei nafuu, lakini ni nzito, hubeba takriban uzito wake tu, na vumbi lake laweza kuwa na silika inayoharibu mapafu. Edward Lowe wa Michigan, Marekani, aliyekuwa akiuza udongo wa namna hiyo viwandani, alimpa jirani kidogo mwaka 1947 kwa ajili ya paka wake. Biashara ya paka ikampa utajiri ambao viwanda havikumpa.

Unga wa mbao ni hatari zaidi ukikutana na asidi ya naitriki, kwani waweza kuwaka wenyewe. Asidi ya haidrofloriki nayo hula udongo.

Petroli inahitaji tahadhari ya pekee. Hakuna mkeka unaozuia mvuke wake, na mkeka uliolowa petroli huwaka kama utambi. Huko Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, takriban watu 100 walifariki baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka wakati watu wakichota. Katika ajali ya namna hiyo, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu na kila chanzo cha moto. Vifyonza hufuata baadaye.

Usufi wa nyumbani

Watafiti wamerejea pia kwenye nyuzi za mimea, hasa usufi, unaojulikana Afrika Mashariki kwa mito na magodoro. Uzi wake ni mrija mtupu wenye nta, haupokei maji, na zamani ulijazwa katika makoti ya kuokolea maisha baharini. Katika majaribio ya maabara umebeba mafuta zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Kasoro zake ni kwamba hushika moto upesi, hupeperuka ukitandazwa bila mfuko, na mavuno yake hutegemea msimu.

Uwe wa mmea au wa plastiki, mkeka ukishajaa hugeuka taka hatari. Nchi nyingi huupeleka kwenye matanuri ya joto kali, yakiwemo ya saruji, ambako mafuta yaliyonaswa huchomwa kama nishati.